Mikono ya Matroni

Mtaani kwetu tuliijua mikono yake kabla hatujamjua mwenyewe. Alipohamia Kilosa, kwenye nyumba ya matofali karibu na njia ya kwenda stesheni, habari zilikuwa zimeshamtangulia. Huyo mama anayekuja, watu walisema, ndiye aliyekuwa akipima wasichana mimba mashuleni. Hana kipimo wala dawa, anakubonyeza tumbo mara moja tu, anajua. Kina mama wenye mabinti wakubwa wakampokea kwa heshima zote, na mabinti wenyewe wakaanza kupita nyuma ya nyumba ili wasikatize mbele ya baraza yake.

Tulimwita Matroni. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kama watu wote, ila sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata mtu wa posta. Alikuwa amezunguka shule za bweni nyingi za wasichana, leo huku kesho kule, mpaka ikafika miaka ile ya ruksa na mageuzi, watumishi wanapunguzwa, kila kitu kinachangiwa, mabweni yanafungwa na shule zinageuzwa kuwa za kutwa. Ukimpa pole ya kustaafu alikukatiza palepale.

"Mimi sijastaafu," alisema. "Mabweni ndiyo yamestaafu."

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyonipa mimi riziki. Mitumba ilianza kuingia kwa mabelo, na hata mimi, mwanamke nisiye na mtaji wa maana, niliweza kukamata kona pale sokoni nikauza mashuka. Matroni alikuja siku ya kwanza nikiwa na wateja wengi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye mali. Akachukua shuka moja jeupe, akalinyoosha juani, akalinusa, akapitisha kiganja.

"Hili limetoka hospitali," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka kitanda cha mwisho. "Limechemshwa mno. Litakuchanikia mwezi huu huu."

Wateja waliokuwa wameshika mashuka yangu wakayaachia. Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye, si mimi. Baadaye alirudi akachagua mengine, akalipa bila kubishana, na akanifundisha kutambua shuka la hospitali kwa kugusa pindo lake. Tangu hapo kila nilipofungua belo nilimwita kwanza, na kila mara tuligombana.

Alivaa viatu vya soli laini, vile vya manesi, na alitembea bila kusikika. Ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote, kuwafikia wasichana kabla hawajajua kwamba wamefikiwa. Sasa mabweni hayapo, akawa anatufikia sisi. Uko jikoni unaonja mboga, unageuka, Matroni huyu hapa. Hodi alipiga, siwezi kumsingizia, lakini aliipiga akiwa ameshaingia. Mume wangu alidondosha kikombe cha chai mara mbili kwa sababu yake, akaapa kwamba angemnunulia kengele ya mbuzi aivae.

Jumamosi asubuhi alipita kukagua. Hakuna aliyemtuma. Aliinama, akaangalia chini ya vitanda vya watu wazima wenye ndoa zao, akatikisa kichwa, akaondoka. Mwanzoni tulinung'unika. Baada ya muda nikajikuta Ijumaa jioni nawaambia watoto wafagie chini ya kitanda. Wanangu wote mpaka leo wanakunja kona za shuka kwa mtindo wake, na wake wa wavulana wananilaumu mimi.

Basi siku moja akanituma chumbani kwake nikamchukulie mkasi. Loo! Kitanda hakijatandikwa, nguo zimelundikana kwenye kiti, vikombe viwili vya juzi viko chini ya meza. Nilitoka na mkasi nikiwa nimejaa furaha ambayo sikuweza kuificha.

"Matroni, kule ndani ni kwako au kuna mpangaji?"

"Wewe umetumwa mkasi," alisema.

"Na ukaguzi wa Jumamosi?"

"Nani wa kunikagua mimi?" Akauchukua mkasi, akaendelea na kazi yake bila hata chembe ya aibu.

Kwa wagonjwa wa uongo hakuwa na huruma. Binti yangu wa pili aliamka siku ya jaribio la hesabu akishika tumbo na kujikunja. Kabla sijaamua la kufanya, Matroni alikuwa ameshaingia, amemtazama, amesema mtoto apewe uji usio na sukari na alale kimya, asiongeleshwe na mtu hadi jioni. Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amepona kabisa na anaomba aende shule. "Mgonjwa wa kweli hapendi kutazamwa," Matroni aliniambia. "Huyu alikuwa anafungua jicho moja kuona kama namwona." Lakini malaria ya kijana wa jirani, ambayo mama yake aliita uvivu, aliijua kwa kumwona tu anavyopanda ngazi ya baraza, akamburuta mama mtu mpaka hospitali.

Machozi nayo alikuwa na dawa yake. Hakubembeleza mtu. Alikuambia, "Lia, ukimaliza unawe uso," kisha akakupa ungo wa maharage uchambue karibu naye. Hakuuliza kitu. Ukichambua maharage kwa muda mrefu pembeni ya mtu asiyekuuliza kitu, unaishia kumweleza yote. Nasema ninachokijua, maana nami nilichambua.

Shule ya sekondari ya kutwa ilipofunguliwa karibu na mji, watoto walianza kuja kutoka mbali. Wa Chanzuru walijikongoja kwa baiskeli au kwa miguu. Wa Kisanga na vijiji vya mbele yake hawakuweza kwenda na kurudi, wakapanga vyumba mjini. Mageto, vijana waliviita. Wasichana wawili watatu katika chumba kimoja, jiko moja la mafuta ya taa, mlango wa kufunga kwa msumari, na baba mwenye nyumba anayekuja kubisha hodi wakati si wa kubisha hodi. Wazazi wako huko mashambani, wanaamini mtoto anasoma. Kila muhula wengine waliacha shule, na kila mtu alijua ni kwa nini.

Matroni aliwaona bombani. Alikaa na ndoo yake, akawatazama wakiteka maji, akaja kwangu hata maji hakuyafikisha nyumbani.

"Wale watoto wanalala bila mtu," alisema.

"Wana wenye nyumba."

"Hao ndio ninaowasema."

Wakati huo vitanda vya shule iliyofungiwa mabweni vilikuwa vinauzwa kwa mnada. Vitanda vya chuma, vile vya deka, kimoja juu ya kingine. Matroni alipanda lori akaenda, na jioni tukamwona anarudi amekaa juu ya vyuma hivyo. Vingine alivijua kabisa; alituonyesha kilichopinda mguu na kusema ni nani aliyekipinda. Akavipanga kwenye vyumba vyake vitatu, mimi nikamletea mashuka, akawafuata wale wasichana geto kwa geto, akazungumza na wazazi wao siku ya gulio. Chakula walileta kutoka nyumbani, mahindi, maharage, mafuta kidogo. Yeye alitaka kitu kimoja, na alikisema kwa kila aliyemsikiliza: msichana atakayelala kwake amalize kidato cha nne. Si afaulu. Amalize, apate cheti chenye jina lake.

Usije ukadhani alikuwa mpole kwao. Aliwaamsha giza bado halijaondoka, akawapigisha foleni ya kuoga, akawanyang'anya vioo. Barua za wavulana alizisoma kwa sauti mbele ya wote, na kusahihisha Kiswahili chao. Wasichana walimwogopa, walimwigiza akiwa hayupo, na wakiugua walimtaka yeye tu.

Sasa niseme jambo ambalo lilitugombanisha. Shule ile mpya haikuwa na matroni, na mkuu wake alisikia sifa za mikono. Akamwomba awe anakuja kila shule inapofunguliwa kuwapima wasichana wote. Matroni alifurahi, naye hakuficha. Alitoa yunifomu yake nyeupe, akaipiga pasi, akaenda. Aliyekutwa na mimba alirudishwa nyumbani na hakurudi tena, ndivyo ilivyokuwa taratibu. Jioni Matroni alinawa, akanywa chai, akala vizuri.

Nilikaa nalo moyoni mpaka likanishinda.

"Matroni, hivi wewe unajisikiaje?"

"Mimi naangalia tu. Sheria ndiyo inayofukuza."

"Sheria haina vidole."

Akaweka kikombe chini. "Mama Shani, ukiona shuka limetoboka, unawaambia wateja kwamba halijatoboka?"

"Nasema limetoboka. Lakini silitupi."

Alikaa siku nyingi bila kupita kwangu, na Jumamosi chini ya vitanda vyetu hakukukaguliwa. Mume wangu alisema tumepata amani. Mimi nilimkosa, nasema kweli, lakini nilijiapiza kwamba sitaomba msamaha kwa neno la haki. Mwishowe alikuja mwenyewe, akaingia jikoni kimya kimya kama kawaida, akaonja mboga yangu na kusema imezidi chumvi. Hatukulizungumza tena, ila kila shule ilipofunguliwa aliipiga pasi ile yunifomu nami nilimwona.

Ni katika miaka hiyo alipokuja Baba Minza. Alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mmoja wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao mbele ya Kisanga, mrefu, ana fimbo, ana koti zito hata juani. Nyuma yake alisimama Minza mwenyewe na tranka lake. Minza hakuwa mtoto. Alianza darasa la kwanza akiwa ameshachunga miaka mingi, na sasa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza akiwa amewapita wenzake kimo na umri.

Nilikuwepo barazani. Mzee alisalimia, akakaa, akatazama nyumba muda mrefu.

"Mayu, watoto wako wako wapi?" aliuliza. Mayu kwao ni mama.

"Sina."

"Wamekufa?"

"Sikuzaa."

Mzee akageuza fimbo mkononi. Hakuwa na dharau, alikuwa na shida. "Nisamehe. Mimi nitamwachaje mtoto kwa mtu ambaye hajawahi kuwa naye?"

Wengine wangekasirika. Matroni aliniangalia mimi, kana kwamba ndiye niliyeuliza, kisha akamwambia, "Usimwache. Kaa hapa utazame."

Naye akakaa! Alilala barazani kwangu, mume wangu akiwa mwenyeji wake, na mchana alishinda akiitazama nyumba ya Matroni kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutazama malisho. Aliona foleni ya kuoga. Aliona maharage yakichambuliwa. Aliona kijana mmoja wa baiskeli akipiga kengele mbele ya nyumba na Matroni akitokea nyuma yake bila kusikika. Kijana nusura aangukie mtaroni, na mzee alicheka mpaka akakohoa.

Jioni moja wasichana walikuwa wanaingia kutoka shule, wengine wanateka maji, wengine wanaanua nguo, vurugu tupu. Matroni alisimama mlangoni, akatupa jicho mara moja.

"Mmoja bado," alisema.

Mzee akasimama. "Umewahesabu?"

"Sihesabu. Naona pengo."

Muda si mrefu msichana mmoja akaja mbio, amechelewa kwa mwalimu. Baba Minza alirudi kukaa, akatikisa kichwa pole pole. Alituambia kwamba kwao mchungaji hahesabu ng'ombe wakiingia zizini. Anawatazama tu, na aliyekosekana anajulikana. Kesho yake asubuhi alimwita Minza, akamshika mkono, akauweka mkononi mwa Matroni mbele yetu mimi na mume wangu ili tuwe mashahidi. "Nakukabidhi mmoja," alisema. Kisha akachukua fimbo yake akaondoka.

Minza alikuwa mkimya na mzito kwa Kiingereza, lakini alisoma kama mtu anayelima. Kila mwaka alisogea. Alipofika kidato cha nne Matroni alianza kumtaja kwa watu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Wasichana wa kwanza wa nyumba yake walikuwa wameshamaliza, lakini huyu alikabidhiwa kwa mkono.

Ukafika muhula wa mwisho. Shule ikataka kuwapima wa kidato cha nne kabla ya mtihani. Matroni akapiga pasi, akaenda. Nilimwona anapita sokoni asubuhi. Mchana huo huo alikuja kwenye kibanda changu akiwa bado na nguo nyeupe, akakaa juu ya belo. Matroni hakuwahi kukaa kwangu. Nikajua limetokea.

"Nimesema wote wazima," alisema.

"Alhamdulillahi."

"Nimesema wote wazima," akarudia, na hapo nikaiona mikono yake. Alikuwa ameikunja kwapani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali.

Nikashusha sauti. "Ni nani?"

Hakunitajia. Hakukuwa na haja. "Vidole vimeona," alisema. "Nikafungua mdomo niseme kama siku zote. Mdomo ukakataa."

"Wakigundua?"

"Watasema nimezeeka. Nimezeeka, si uongo." Kisha akasema, "Mtihani ni mwezi ujao, Mama Shani. Mwezi tu."

Ule mwezi ulikuwa mrefu kwetu wawili. Minza baadaye aliniambia kwamba Matroni alimwita jioni ile, akampa ungo wa maharage, akamwambia, "Najua. Soma." Basi. Hakumgombeza wala hakumuuliza ni nani, ingawa tulikuja kujua kwamba ni kijana fundi baiskeli, si mtu mbaya, na mwenyewe hakukimbia. Kila asubuhi Matroni alimsindikiza Minza hadi kwenye geti la shule akisema ana miguu inayomuuma na daktari amemwambia atembee. Nami niliswali na kuomba sweta ya shule isimbane. Alifanya mtihani wa kwanza, akafanya wa pili, mpaka akamaliza karatasi ya mwisho, akaweka kalamu chini. Siku hiyo Matroni alikwenda kulala mchana, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea.

Kesho yake akanigongea. "Twende Kisanga. Minza abaki kwanza. Mimi ndiye niliyekabidhiwa."

Tulipanda gari la mizigo, tukashuka, tukatembea. Mimi, kwa woga, niliongea kwa ajili yetu wawili. Tulipofika kwa Baba Minza tuliletewa vigoda na maziwa ya mgando. Matroni hakunywa. Alimwambia pale pale, kwa maneno machache, bila kupamba.

Mzee aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya mtihani."

"Ukanificha."

"Nilikuficha."

"Na shule ukaificha."

"Nayo."

Alitazama upande wa zizi. Uso wake ulikuwa umekaza, na sikuweza kuusoma. "Mtihani kafanya?"

"Yote."

"Mimi nilikupa mtoto uchunge."

"Ndiyo," alisema Matroni. "Nami pengo hili sikuliona mapema. Hilo ni langu. Lakini kumtoa, nimeshindwa. Nimetoa wengi, Baba Minza. Huyu nimeshindwa."

Mzee aliinuka akaenda kwa ng'ombe wake, hakurudi. Mke wake ndiye aliyetusindikiza, naye aliishia karibu sana. Kwa mtu wa heshima kama Baba Minza, kumwacha mgeni aondoke bila kuagana naye ni kauli nzito kuliko matusi. Tulirudi Kilosa tukiwa wanyonge. Minza alifuatwa na mjomba wake, akaondoka na tranka lake. Matroni aliendelea kuamsha wasichana na kupanga foleni, lakini aliwahi kuniuliza, yeye asiyeuliza mtu, kama nadhani yule mzee amekasirika milele. Nikamwambia sijui. Nililia nilipofika kwangu.

Masika yalipopungua, asubuhi moja, nilisikia sauti nzito barazani kwa Matroni. Nilichungulia. Baba Minza alikuwa amesimama na koti lake lilelile, na nyuma yake msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Mdogo wake Minza. Mzee hakueleza lolote. Aliushika mkono wa mtoto, akaangaza huku na huku akinitafuta mimi shahidi, nikatoka mbio nikiwa na unga mikononi.

"Nakukabidhi mwingine," alisema.

Matroni aliupokea ule mkono. Akaanza kumtajia mtoto saa ya kuamka.

"Wabeja, mayu," mzee alimwambia. Ndiyo asante ya kwao. Safari hii alikaa akanywa chai yote. Alituambia kwamba Minza amejifungua salama, cheti kimetoka, na hakikuwa na maksi za kujivunia lakini kina jina lake, na kwamba yule fundi ameleta wazee wake. 

Baada ya hapo Matroni hakupima tena. Shule ilipotuma mtu alisema mikono imezeeka, haioni. Wiki hiyohiyo alimtazama mkwe wangu akianua nguo akaniambia nijiandae kuwa bibi, na mkwe mwenyewe alikuwa hajajua. Ile yunifomu nyeupe aliikata vipande akashonea foronya.

Nyumba yake iliendelea miaka mingi, mpaka shule ilipojenga hosteli na maji ya Mto Mkondoa yakaingia mitaa yetu na kubomoa kuta zake mbili. Alikuwa mtu mzima sana. Alihamia Mikumi, kwenye chumba alichoachiwa na marehemu dada yake, na kwa kuwa sote tulikuwa tunajenga upya, nilichelewa kwenda kumwona. Niliona aibu, ila nilikwenda.

Nilimkuta kitandani, miguu imekataa. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia. "Umenenepa. Mashuka bado unauza?"

Tulizungumza mpaka jua likageuka. Nikampa habari za Minza, kwamba anafundisha watoto wa chekechea. Alikunja uso akitafuta.

"Waliomaliza wamechanganyika humu," alisema akigusa kichwa. "Wanakuja kunisalimia, sijui huyu ni yupi. Wale niliowatoa ndio nawajua. Mmoja mmoja. Na shule, na kitanda alicholala." Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, ngozi tupu.

Mwanamke mmoja wa makamo aliingia na bakuli la uji. Matroni akauonja na kusema ni mzito, yule mama akasema, "Ndiyo Matroni, kesho nitaulainisha," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa hivyo jana na juzi. Akamgeuza, akambadilishia shuka akiwa juu yake, taratibu, akakunja kona. Nilipoaga, akanisindikiza hadi barabarani.

"Wewe ni mtoto wa dada yake?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Mimi alinitoa shule."

Nikasimama. Yeye akaendelea kutembea, nikamfuata.

"Nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi kanipima, mchana nikaambiwa nifungashe. Alinibebea tranka kichwani mpaka stendi, yeye mwenyewe, na nguo zake nyeupe. Hakusema neno. Nilipofika nyumbani, tranka niliposhuka nalo, hakuna aliyenitua."

"Na leo unamlisha?"

"Nilimwona hapa Mikumi anauliza bei ya nyanya zangu. Hakuniangalia usoni. Nikafunga meza mapema, nikasema leo nakwenda kwake, atanisikia. Nilikuwa nimeyapanga maneno miaka yote hiyo. Nimefika mlangoni, sijafungua mdomo, kanitaja jina langu na la baba yangu. Halafu akaniuliza, mtoto anaitwa nani?"

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mama, kila mtu aliniuliza baba yake ni nani. Mwalimu, mzee wangu, hata mama mzazi, mpaka anaingia kaburini. Mtoto anaitwa nani, hakuna aliyeniuliza. Maneno yangu yote yakaisha. Nikamwambia, akaniomba nimlete amwone."

Tulikuwa tumefika barabara kuu. Upande wa pili kijana mrefu alikuwa anapanga matenga ya nyanya. Alivuka, akaniamkia shikamoo kwa adabu, na mama yake akasema, "Ndiye huyu." Basi la Kilosa likatokea, kijana akalipungia mkono likasimama. Konda alikuwa anapiga mlango na kunihimiza nipande. Nilimwambia angoje, nikamgeukia yule kijana nikamuuliza jina lake.